Maswali na Majibu: Kuhamisha seva kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mashine pepe

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Seva za ofisi zimechoka, kimenunuliwa chuma kimoja kipya chenye nguvu, na mwenye mali anataka zote ziingie humo zikiwa mashine pepe. Tumechagua barua saba.

Maneno matatu kwanza, tusipotezane njiani. Seva mwenyeji ni chuma chenyewe. Mashine pepe ni wageni wanaokaa ndani yake, kila mmoja akiamini ana kompyuta yake peke yake. Hipavaiza ni programu inayowagawia wageni hao vyumba: Proxmox, Hyper-V, ESXi na wenzao. Mtakavyoona katika majibu, kunakili diski ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kinachosumbua ni kila kitu kilichozoea chuma cha zamani: draiva ya diski (programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa), kadi ya mtandao, leseni, kifunguo cha USB kinachofungua programu, hata saa.

Salaam wataalamu. Nina seva ya mnara yenye Windows Server 2012 R2, RAM GB 32, diski mbili za TB 1 zilizofungwa RAID 1, yaani kila moja ni nakala ya mwenzake. C ina GB 120, D ina GB 800, na data yote kwa jumla ni kama GB 380. Ndani kuna SQL Server ya mfumo wa uhasibu. Seva mpya nimeiwekea Proxmox VE. Nihamishe vipi ofisi isisimame zaidi ya wikiendi? (Mwanza)

Wikiendi inatosha, pengine usiku mmoja tu, mradi maandalizi uyafanye katikati ya wiki.

Anza na afya ya diski za zamani. Kama zipo nyuma ya kadi ya RAID, Windows haioni hali yake halisi, kwa hiyo tumia programu ya mtengenezaji wa kadi hiyo. Halafu endesha chkdsk kwenye C na D. Diski yenye maeneo mabovu hukatisha kunakili ikiwa imefika asilimia 90, tena saa tisa usiku. Chukua pia bakapu ya kawaida ya hifadhidata, faili la .bak, uliweke mahali pengine kabisa. Hilo ndilo litakalokuokoa endapo mengine yote yatagoma.

Kisha andika seva ilivyo. Toa ipconfig /all na route print kwenye faili. Orodhesha huduma zinazojiwasha na kazi zilizopangiwa ratiba. Fungua msinfo32 uangalie kama mashine inabuti kwa BIOS ya zamani au kwa UEFI (njia mbili za kuianzisha kompyuta), kwa sababu mashine pepe lazima ifanane: BIOS ya zamani ni SeaBIOS ndani ya Proxmox, UEFI ni OVMF pamoja na kidiski chake cha EFI. Ukikosea hapo, utatazama skrini nyeusi bila ujumbe wowote wa maana.

Kama kadi mbili za mtandao zimeunganishwa kuwa timu, ivunje timu hiyo kabla ya kunakili. Programu za mtengenezaji wa chuma, zile za Dell au HPE zinazosoma joto na feni, unaweza kuziondoa sasa au mara tu baada ya kuhama, ila usiziache. Zitaendelea kutafuta feni ambazo hazipo, na nyingine huangusha Windows kwenye skrini ya bluu.

Ijumaa jioni, watumiaji wakishatoka, simamisha huduma za SQL Server na uziweke zisijiwashe zenyewe. Fanya hivyo pia kwa kazi za ratiba, hasa zinazotuma barua pepe au SMS kwa wateja. Usipofanya hivyo, mashine pepe ikiwaka mara ya kwanza itawatumia wateja madai ya mara ya pili.

Kwa kunakili, tumia Disk2vhd ya Sysinternals. Ni faili moja, haihitaji kusakinishwa. Weka tiki kwenye VHDX, kwa sababu VHD ya zamani inaishia TB 2, na kwenye nakala kivuli ya Windows, inayochukua diski ilivyokuwa kwa wakati mmoja. Chagua C, D na kile kipande kidogo kisicho na herufi kinachobeba faili za kubuti. Wengi hukiacha kwa kuwa ni kidogo, mamia machache tu ya MB, kisha wanashangaa Windows haiwaki. Faili liandikie nje ya diski unayoinakili.

Hapo hesabu ya muda inaingia. Kwa mtandao wa Gb 1, tarajia kama MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo GB 380 ni kama saa moja ikiwa diski ya zamani inaweza kusoma kwa kasi hiyo. Kwa USB 2 ya seva ya zamani ni MB 30 hivi kwa sekunde, zaidi ya saa tatu. Na kama mtandao umeshuka hadi Mb 100, ni saa tisa na nusu. Angalia taa ya swichi kabla ya kuanza: Gb 1 inahitaji jozi zote nne za waya, Mb 100 inahitaji mbili tu, kwa hiyo kichwa cha kebo kilichobanwa vibaya hakikati mtandao, kinaushusha kimyakimya. Diski ya nje nayo iwe na mfumo wa NTFS. FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4.

Upande wa Proxmox, unda mashine namba 101, tuseme, bila diski. Mpe viini 4 vya prosesa na RAM GB 16, baada ya kuangalia SQL Server ilikuwa inatumia kiasi gani kweli. Kadi ya mtandao iwe e1000 na kebo yake iwe imechomolewa:

qm set 101 --net0 e1000,bridge=vmbr0,link_down=1

Ingiza diski:

qm disk import 101 /mnt/usb/seva.vhdx local-lvm

Mwisho wa amri hiyo utaona jina la diski mpya. Iunganishe kwanza kama SATA, na uiweke ya kwanza kwenye mpangilio wa kubuti, jambo ambalo Proxmox haikufanyii:

qm set 101 --sata0 local-lvm:vm-101-disk-0 --boot order=sata0

Kwa nini SATA wakati kila mtu anasifu VirtIO, vifaa vya kuigiza vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe? Windows hiyo haijawahi kuiona kadi ya VirtIO. Ukiilazimisha ianzie hapo itakufa na ujumbe wa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, namba 0x7B. Kuweka faili la draiva ndani yake hakutoshi, kwa sababu Windows hupakia mapema, wakati wa kubuti, draiva ambazo zimeshawahi kukutana na kifaa chake. Kwa hiyo mkutanishe nacho. Ongeza kidiski kitupu cha GB 1:

qm set 101 --scsihw virtio-scsi-single --scsi1 local-lvm:1

Washa mashine, weka ISO (faili la diski ya usakinishaji) ya virtio-win, sakinisha draiva ya vioscsi, ya NetKVM na programu ya QEMU Guest Agent. Windows ikiikataa draiva kwa madai ya sahihi ya kidijitali, chukua toleo la ISO la nyuma kidogo, kwa kuwa matoleo mapya yanafuata Windows mpya. Kidiski cha GB 1 kikishaonekana kwenye orodha ya diski, zima. Ondoa sata0, kisha:

qm set 101 --scsi0 local-lvm:vm-101-disk-0,discard=on,iothread=1 --boot order=scsi0

Ikiwaka, kidiski cha GB 1 kitupe. Badilisha kadi ya mtandao kuwa VirtIO. Ukijaribu kuandika anwani ya IP ya zamani, Windows itakuambia kwamba anwani hiyo inashikiliwa na kadi nyingine ambayo haipo. Hiyo ni kadi ya chuma cha zamani. Fungua orodha ya vifaa, onyesha vilivyofichika, uifute, ndipo uandike IP, lango na DNS kutoka kwenye faili lako. D isipoonekana (hutokea zaidi ikiwa ilikuwa diski yake yenyewe), imewekwa katika hali ya offline tu: ingia diskpart, ichague, andika online disk.

SQL Server ina tabia ya kumeza RAM yote inayoiona. Kwenye mashine ya GB 16, iwekee kikomo cha MB 12288. Sasa chomoa kebo ya seva ya zamani, kwa mkono wako, si kwa programu. Ndipo uunganishe kebo ya mashine pepe, uwashe huduma, na mhasibu ajaribu kutoa ankara moja na ripoti moja ya mwezi uliopita.

Windows Server 2012 R2 iliachiwa mkono na Microsoft tarehe 10 Oktoba 2023. Kuipandisha hadi toleo jipya ni kazi ya lazima, ila usiifanye wikiendi hiyo hiyo. Kitu kikiharibika hutajua nani wa kulaumu.

Wahariri, seva yetu ndiyo inayotunza majina na nywila za watumiaji wote, Active Directory kwenye Windows Server 2016, na iko moja tu. Niinakili kwa njia hiyo hiyo ya Disk2vhd? (Dodoma)

Hapana. Hii usiinakili, ijengee ndugu yake.

Unda mashine pepe mpya, sakinisha Windows Server, iingize kwenye domeni (kundi la kompyuta na watumiaji linalosimamiwa na Active Directory), iongezee kazi ya Active Directory na DNS, kisha uipandishe cheo iwe mtunzaji wa pili wa domeni (domain controller). Subiri zisomane. Endesha repadmin /replsummary na dcdiag hadi makosa yaishe. Hamisha majukumu matano ya FSMO (kila moja hushikwa na mtunzaji mmoja tu), thibitisha kwa netdom query fsmo, rekebisha DHCP, inayogawa anwani za IP, iwaelekeze watumiaji kwenye DNS mpya, halafu uishushe cheo seva ya zamani kwa utaratibu. Kwa ofisi ndogo ni kazi ya siku moja au mbili na hakuna mtumiaji atakayegundua.

Sababu ya kukataa kunakili ni hii. Kila mabadiliko katika Active Directory hupewa namba inayopanda, na watunzaji wengine hukumbuka namba ya mwisho waliyoipokea. Ukinakili, ukaendesha nakala kwa siku mbili, halafu ukarudi kwenye chuma cha zamani, namba zinarudi nyuma. Wenzake wanaona namba walizokwisha kuziona, wanazipuuza. Mtumiaji mpya anaonekana kwenye seva moja na haonekani kwenye nyingine, na kwenye kumbukumbu za matukio inaingia namba 2095. Wewe una mtunzaji mmoja, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo kwako, lakini kujenga upya kunakuachia pia Windows safi, na kwa muda fulani unakuwa na watunzaji wawili, jambo ambalo ulipaswa kuwa nalo tangu mwanzo.

Mitego miwili. Kama domeni yenu ilizaliwa enzi za Windows Server 2003, yawezekana kabrasha la SYSVOL, lenye sera za domeni, bado linasafirishwa kati ya watunzaji kwa njia ya zamani iitwayo FRS. Windows Server 2019 na 2022 hazikubali hilo, kwa hiyo hamia DFSR, mrithi wake, kwanza kwa amri ya dfsrmig. Mtego wa pili ni saa. Kerberos, inayothibitisha watumiaji wanapoingia, inavumilia tofauti ya dakika 5 tu, zaidi ya hapo watu hawaingii. Mtunzaji mwenye jukumu la PDC achukue saa kutoka kwenye NTP (seva ya saa) ya nje kwa amri ya w32tm, na kwenye Hyper-V uzime ile huduma ya mwenyeji kumpangia mgeni saa.

Na seva mwenyeji usiitegemeze kwa domeni iliyo ndani yake. Ipe IP ya kudumu na nywila yake yenyewe, uiandike kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini. Umeme ukirudi baada ya kukatika, mwenyeji lazima aweze kuwaka na kukufungulia mlango kabla mgeni yeyote hajaamka.

Hamjambo mabingwa. Nilinakili seva ya Linux, CentOS 7, kwa dd (amri ya kunakili diski nzima) kutoka Dell ya zamani hadi KVM, hipavaiza ya Linux. Inaanza kuwaka, inakaa dakika kadhaa, kisha inanitupa kwenye dracut:/# na kusema imechoka kusubiri. Diski ipo, nimeihakikisha. (Mombasa)

Diski ipo, lakini kernel, moyo wa Linux, haina draiva ya kuisoma. CentOS hutengeneza initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza wakati wa kuwaka) ya kubana matumizi: inaweka ndani draiva za chuma ilichokikuta tu. Kadi ya RAID ya Dell imo, virtio haimo.

Dawa iko palepale ulipo. Washa tena, na kwenye menyu ya GRUB chagua mstari wa mwisho wenye neno rescue. Huo una initramfs yenye draiva zote. Ukiingia:

dracut --force --no-hostonly --regenerate-all

Washa upya kwa njia ya kawaida. Anayesoma hili kabla ya kunakili aendeshe amri hiyo kwenye chuma cha zamani kwanza, hatakutana na tatizo hili kabisa. Debian na Ubuntu kwa kawaida hubeba draiva nyingi, kwa hiyo hazilalamiki sana.

Kinachofuata ni /etc/fstab, orodha ya diski ambazo Linux hufungua ikiwaka. Mistari iliyoandikwa /dev/sda1 itakwama, kwa sababu diski ya virtio inaweza kuitwa vda. Tumia UUID, namba ya kipekee ya kila kipande cha diski, utazipata kwa blkid. Halafu mtandao: kadi yako ilikuwa em1, sasa itakuwa eth0 au ens18. Badilisha jina la faili ndani ya /etc/sysconfig/network-scripts, badilisha mistari ya NAME na DEVICE, na ufute mstari wa HWADDR, unaobeba anwani ya kadi ya zamani. Watu hubadilisha jina, wakasahau HWADDR, wakashinda siku nzima.

Swali moja tunakurudishia: ulinakili seva ikiwa inafanya kazi? dd haina nakala kivuli. Inasoma diski kuanzia mwanzo hadi mwisho huku MySQL ikiandika nyuma yake, na jedwali linaweza kutoka nusu yake ikiwa ya saa nane na nusu nyingine ikiwa ya saa tisa. Seva itawaka vizuri kabisa, kisha hifadhidata ilalamike wiki mbili baadaye. Rudia, safari hii ukibuti kutoka kwenye flashi ya Linux. Hakikisha diski pepe haipungui hata baiti moja kwa ile ya zamani. Amri ya blockdev --getsize64 /dev/sda itakupa idadi kamili. Kisha:

dd if=/dev/sda bs=4M status=progress | gzip -1 | ssh root@mwenyeji "gunzip | dd of=/dev/pve/vm-102-disk-0 bs=4M conv=sparse"

Neno sparse linazuia nafasi tupu kujaza hifadhi yako kwa sifuri. Kama diski ya zamani inakoroma au ina maeneo mabovu, acha dd, tumia ddrescue. Na CentOS 7 yenyewe ilifikia mwisho tarehe 30 Juni 2024. Mashine pepe inaipa chuma kipya, haiipi viraka vya usalama.

Tulikuwa na seva tano za zamani, sasa zote ziko kwenye moja mpya yenye viini 16 na RAM GB 128. Kila mtu analalamika mfumo ni mzito kuliko zamani. Diski ni nne za TB 4, RAID 5. (Arusha)

Barua yako imejijibu katika sentensi ya mwisho.

Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inaweza kufanya kazi za kuruka huku na huku, kusoma hapa na kuandika pale, kama 75 hadi 80 kwa sekunde. Nne ni kama 300. Lakini RAID 5 kila ukiandika kipande kidogo inasoma data ya zamani, inasoma hesabu ya uwiano, inaandika data mpya, inaandika uwiano mpya. Kazi nne kwa andiko moja. Kwa hiyo mmebakiwa na maandiko 75 kwa sekunde, wageni watano wakigombania. Zamani kila seva ilikuwa na diski zake. Prosesa na RAM mlizoongeza hazikugusa mahali penye foleni.

Thibitisha kabla ya kununua chochote. Kwenye mwenyeji endesha iostat -x 2 uangalie safu za await (muda wa kuisubiri diski): zikicheza makumi au mamia ya milisekunde, ndiyo hiyo. Kwenye Proxmox kuna pia pveperf, inayotoa idadi ya FSYNCS, yaani maandiko yaliyothibitishwa kufika diskini, kwa sekunde. Ikiwa chini ya 200, hifadhidata itateseka.

Kitu cha kwanza cha kukagua hakina gharama: betri ya kadi ya RAID. Ikifa, kadi huacha kutumia kashe (kumbukumbu ya muda) ya kuandikia ili data isipotee umeme ukikatika, na kasi inaporomoka siku hiyo hiyo bila onyo kwa mtumiaji. Cha pili, angalia kama mashine zilibaki kwenye IDE au SATA ya kuigiza baada ya kuhamishwa. Jibu la Mwanza linaeleza namna ya kuzitoa huko. Baada ya hapo, RAID 10 (jozi za diski zinazonakiliana) kwa diski hizo hizo itakupa kama maandiko 150, mara mbili. SSD zitamaliza mjadala, ila nunua za seva zenye kapasita ya kulinda data umeme ukikatika. SSD za kompyuta ya mezani ni za kasi kwenye tangazo. Zikiambiwa na hifadhidata "usijibu mpaka uwe umeandika kweli", hasa juu ya mfumo wa faili wa ZFS, zinakuwa nzito ajabu.

Viini navyo visigawiwe kama pilau ya harusi. Mashine ya viini 2 ikipewa 8 haiendi kasi zaidi, na inawasumbua wenzake. Anza na 2, ongeza ukiona kwa macho kwamba vimejaa. RAM, kinyume chake, usigawe zaidi ya uliyonayo, na mwachie mwenyeji yake. Ikiwa unatumia ZFS, kumbuka kashe yake: kabla ya Proxmox VE 8.1 ilikuwa inaweza kuchukua hadi nusu ya RAM yote.

Mfumo wetu una kifunguo cha USB, na kuna mashine ya ESD ya kutia sahihi ankara za TRA kwenye waya wa COM. Pia tuna Tally, programu ya uhasibu. Hivi vitaingiaje kwenye seva ambayo haipo? (Tanga)

Seva ipo, na matundu yake yapo. Chomeka kifunguo kwenye mwenyeji, endesha lsusb uone namba zake, kisha umpe mgeni. Vile vya chapa ya HASP mara nyingi huonekana hivi:

qm set 101 --usb0 host=0529:0001

Ukiwa na vifunguo viwili vinavyofanana, tumia namba ya tundu badala ya namba ya kifaa, mfano host=1-4, na ubandike karatasi kwenye tundu hilo ili mtu wa usafi asikihamishe. Fahamu kwamba mgeni mwenye kifunguo hawezi tena kuhamishwa kwenda seva nyingine akiwa anafanya kazi. Hyper-V haina njia rahisi ya kumpa mgeni kifunguo cha namna hii. Huko utahitaji kifaa cha kupitisha USB kwenye mtandao. Kama vifunguo ni vingi, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuchagua Proxmox.

ESD ya waya wa COM inapitishwa kwa qm set 101 --serial0 /dev/ttyS0, na Windows itaiona kama COM1. Ukitumia kibadilishi cha USB kwenda COM, andika njia iliyo chini ya /dev/serial/by-id, kwa kuwa ttyUSB0 ya leo inaweza kuwa ttyUSB1 kesho baada ya kuwasha upya. Ijaribu kwa ankara halisi kabla hujatangaza kwamba umemaliza.

Tally ina utaratibu wake. Leseni imefungwa kwenye mashine, kwa hiyo irudishe kupitia menyu ya leseni ukiwa bado kwenye seva ya zamani, kisha uiwashe kwenye mpya. Ukinakili bila kuirudisha, itafunguka kwa hali ya majaribio ya kujifunzia, na utaanza kupiga simu.

Leseni ya Windows Server iliyokuja na chuma cha zamani itahama nayo? Na nikiwa na mashine pepe nne za Windows nanunua leseni nne? (Nairobi)

Leseni ya OEM, ile ya stika iliyobandikwa kwenye chuma, inakufa na chuma. Nakala itawaka, itadai kuwashwa leseni, na kisheria huna. Weka hilo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Leseni mpya za Windows Server Standard huhesabiwa kwa viini vya mwenyeji: si chini ya 8 kwa kila prosesa na si chini ya 16 kwa seva. Ukishalipia viini vyote, una ruhusa ya mashine pepe mbili za Windows. Kwa nne, lipia viini vyote mara ya pili. Mwenyeji wa prosesa mbili zenye viini 12 kila moja ana 24, kwa hiyo mashine nne ni leseni za viini 48. Ndiyo maana kwa ofisi ndogo prosesa moja ya viini 16 yenye kasi nzuri ni ununuzi wa akili kuliko mbili za kujionyesha. Mashine za Linux hazihesabiwi, na leseni za watumiaji, CAL, ziko palepale.

Msomaji mwingine ameuliza habari za ESXi ya bure. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, ikaondoa toleo la bure mapema 2024, ikalirudisha Aprili 2025. Hatungejenga ofisi juu ya toleo linaloondoka na kurudi. Hyper-V Server ya bure nayo iliishia toleo la 2019.

Kila kitu kikiwa ndani ya chuma kimoja, umeme ukikatika si ndiyo kiama? Na seva ya zamani niiuze lini? (Morogoro)

Umeme kukatika si tatizo, tatizo ni kukatika bila kuaga. Unganisha UPS na mwenyeji kwa waya wa USB, sakinisha NUT, programu inayosoma hali ya UPS, na uipange ianze kuzima wageni betri ikiwa bado na nusu. Bila QEMU Guest Agent, Windows nyingine hukataa kuzimika kwa adabu, mwenyeji anasubiri, na betri inaisha akiwa mlangoni. Pima kwa saa: zima wageni wote, hesabu dakika, kisha uhakikishe UPS inabeba mara mbili ya muda huo. Upangie pia mpangilio wa kuwaka, mtunzaji wa Active Directory kwanza:

qm set 100 --startup order=1,up=120

Hifadhidata iwe ya pili, programu zinazoitegemea za tatu.

Snapishoti, picha ya mashine ilivyokuwa wakati fulani, si bakapu. Inakaa kwenye diski zile zile, na zikifa inakufa nazo. Weka bakapu kwenye kifaa kingine, na nakala moja nje ya jengo. Kila mwezi rudisha mashine moja kutoka kwenye bakapu ukiwa umechomoa kebo yake ya mtandao, uone kama inawaka.

Seva ya zamani iache imezimwa, waya wa mtandao umetolewa, na karatasi juu yake: USIWASHE. Ikiwaka kwa bahati mbaya itagombania IP na ile mpya, na nusu ya ofisi itaandika ankara kwenye hifadhidata isiyo sahihi. Kaa nayo hadi mhasibu afunge mwezi mmoja kamili kwenye mashine pepe, na bakapu iwe imerudishwa walau mara moja. Ukiiuza, diski zibaki kwako, au zifute zote kwa nwipe kabla hazijatoka mlangoni. Kufomati kwa haraka hakufuti mshahara wa mtu yeyote.